Mifupa ya Sahani

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi ilianza na manyunyu, yale yasiyomlowesha mtu bali humchosha tu, na anga la Mtopanga lilikuwa limefifia kama shuka lililofuliwa mara nyingi.

Mwikali alikaa ukingoni mwa kitanda akitafuta kandambili zake kwa vidole vya miguu. Magoti yalimuuma na mgongo ulimuuma. Hata zile sehemu za mwili ambazo mtu hazikumbuki mpaka daktari aziguse, nazo zilimuuma. Aliinamisha kichwa akaomba kama alivyoomba kila asubuhi tangu mumewe apigwe na kiharusi.

"Baba, sikuombi uniondolee mzigo. Nionyeshe tu mahali pa kuutua kidogo."

Kisha akasimama, maana mizigo yenyewe ilikuwa ikimngoja. Wa kwanza ulikuwa Katana, mumewe, aliyelala upande wa pili wa kitanda ameelekea ukuta. Wa pili ulikuwa tangi.

Tangi lilikuwa sebuleni, la kioo, refu kama benchi la kanisani, juu ya meza ya chuma. Ndani mlikuwa na maji ya bahari, mchanga mweupe, mawe machache, na samaki wawili wa rangi ya machungwa ambao hawakuwahi kugombana. Pampu ilivuma usiku na mchana. Na katikati ya mchanga ililala Sahani.

Sahani ilikuwa tumbawe. Watu wengi wakisikia neno hilo hufikiria jiwe la kujengea nyumba, lakini hii ilikuwa hai. Ilikuwa ya mviringo, pana kama kiganja kilichofumbuliwa, ya kijani yenye wekundu pembezoni, na mdomo wake ulikuwa mpasuko mdogo katikati. Haikushika mwamba kama matumbawe mengine, ilijilalia mchangani. Ikishiba ilijaa maji ikatuna kama andazi. Katana alikuwa ameiotesha kwa mkono wake huko Shanzu, kwenye shamba la matumbawe ambako wenye matangi ya nyumbani walikuwa wakinunua. Shamba lilipofungwa, mwajiri alimwambia achague la kwenda nalo nyumbani, naye akachagua hii.

Kule kazini alikuwa akizikata sahani kwa msumeno kama mtu agawaye keki, kila kipande kikipata sehemu yake ya mdomo, na kila kipande kilipona kikawa sahani kamili. Lakini hii ya nyumbani hakuigusa kwa msumeno.

"Huyu ni mzee," alikuwa akisema, siku zile ulimi wake ulipokuwa bado mwepesi. "Mzee hakatwi."

Mambo mengine mengi alimweleza Mwikali kuhusu sahani, jioni baada ya jioni. Mwikali alikuwa akiitikia "ehee" na huku anasinzia. Alifanya kazi ya kufua shuka katika hoteli moja ya Bamburi, na mtu aliyeshinda na mvuke wa pasi hawezi kusikiliza habari za matumbawe akiwa macho.

Kisha kiharusi kilikuja. Kikaubwaga upande wa kulia wa Katana na kuufunga ulimi wake. Maneno yalitoka moja moja, kama watu wanaotoka kwenye mlango mwembamba. Hospitalini walimfundisha mazoezi ya mguu na wakampa mpira wa kufinya. Mpira aliutupa chini ya kitanda, na mguu aliuacha ulivyo. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu hata ukimletea bila kumuuliza hakunywa.

Kitu kimoja tu kilimtoa kitandani. Jioni, Mwikali alimshika kwapani akamkalisha kwenye kiti mbele ya tangi. Kwa mkono wa kushoto Katana alichukua kibanio kirefu, akabana kipande cha kamba wa baharini, akakipeleka chini polepole mpaka mdomoni mwa Sahani. Akangoja. Sahani ilikikunja chakula kwa vidole vyake vidogo, ikakimeza. Hapo ndipo Katana naye alipokubali kula. Sahani isipokula, Katana hakula. Ndiyo maana Mwikali alilitunza tangi, ingawa aliichukia sauti yake.

Maji ya tangi hayakai, lazima yabadilishwe. Kila baada ya siku chache, akitoka kazini, Mwikali aliteremka ufuoni maji yanapojaa, akajaza mtungi wa lita ishirini, akaupakia kwenye bodaboda ya Dancun, kijana wa Kisumu aliyekuwa na mzaha hata na askari.

"Mathe," Dancun alimwambia Jumamosi hiyo akifunga mtungi kwa kamba za mpira, "kwani unaihamisha bahari polepole ndio wenyewe wasijue?"

"Endesha, Dancun."

"Mi naendesha. Lakini siku watu wa Bamburi wataamka wapate mchanga peke yake, usinitaje."

Mwikali alicheka kidogo. Ilikuwa saa sita mchana, na mara ya kwanza siku hiyo.

Alipofika nyumbani alikuta viatu vingi mlangoni. Alikuwa amesahau kwamba ameomba kikundi cha maombi kije. Wanjiru, kiongozi wao, alikuwa amekuja na kina mama wengine wa kanisa, na wimbo ulikuwa umeshapanda. Wanjiru alikuwa mwanamke wa Nyeri aliyeishi Kisauni miaka mingi. Alikuwa na duka la nafaka, sauti kubwa, na moyo usiojua kuchoka. Alikuwa amefunga kula kwa ajili ya Katana, na midomo yake ilikuwa imekauka.

"Bwana asifiwe, Mama Sidi!" alisema bila kuacha kupiga makofi.

"Asifiwe sana. Endeleeni, niweke chai."

Mwikali aliuweka mtungi kando akaingia jikoni, akashukuru moyoni kwamba kwa saa moja kuna watu wengine watakaomwangalia Katana. Aliinjika maji. Alisikia sala zikipanda juu, jambo ambalo halikumshangaza. Kisha akamsikia Wanjiru akipaza sauti.

"Nimeonyeshwa! Kila siku anakalishwa mbele ya nini? Mbele ya haya maji! Pwani hii mnajua vinavyotoka baharini. Kilichomfunga huyu baba kimo humu ndani!"

"Amina!" wakaitikia.

Kisha akamsikia Katana. Haikuwa sauti ya maneno. Ilikuwa ngurumo ya kifuani, ndefu, kama ng'ombe aliyekwama matopeni.

"Mnasikia? Kinalia! Kinatoka!"

"Toka! Toka!"

Mwikali aliacha sufuria akakimbia. Alimkuta Wanjiru amesimama juu ya kigoda, chupa ya mafuta ya upako imepinduliwa juu ya tangi, na mafuta yanamalizikia kutoka. Katana alikuwa kitini, walikomkalisha kina mama, mkono wake mzima umenyooshwa kuelekea tangi, mishipa ya shingo imemtoka, na machozi yanamshuka upande mmoja tu wa uso. Kina mama walikuwa wamemzunguka wakifurahi, wakidhani wanaona mtu akifunguliwa.

"Wanjiru! Umefanya nini?"

"Nimefanya nilichotumwa, dada."

Juu ya maji palikuwa na utando wa manjano unaong'aa. Pampu iliuvuta, ikaukatakata, ikaupeleka chini katika matone madogo kama shanga. Tone moja lilitua juu ya Sahani, nayo ikajikunja.

Katana aliacha kunguruma. Aliuelekeza mkono wake kwenye gazeti la zamani lililokuwa kwenye meza, kisha kwenye tangi, tena gazeti, tena tangi. Mwikali alielewa. Aliizima pampu, akachana gazeti, akalaza karatasi moja juu ya maji. Karatasi iliyanyonya mafuta. Akaitoa, akalaza nyingine. Mmoja baada ya mwingine, kina mama walianza kumpa karatasi, kimya, bila kuangaliana.

Ni Wanjiru tu aliyesimama pembeni na chupa yake. "Kama ni kitu cha Mungu," alisema, sauti imepungua, "hakitadhurika kwa mafuta ya Mungu."

Mwikali hakugeuka. "Wanjiru, hata wewe nikikuziba pua na mdomo kwa mafuta hayo hayo, utakufa. Na Mungu atakupokea vizuri sana."

Waliondoka bila kunywa chai.

Siku zilizofuata Sahani haikula. Mdomo wake ulibaki wazi, na nyama yake ya kijani ikaanza kujiachilia kutoka pembezoni, utepe baada ya utepe, mpaka maji yakanuka. Mwikali alibadilisha maji, akaleta mitungi zaidi, akafuta vioo, akaomba akiwa amepiga magoti huku kitambaa kikiwa mkononi. Julai ilipoingia, pale mchangani palikuwa na mifupa tu: duara jeupe lenye mistari mingi myembamba, kama upande wa chini wa uyoga.

Katana aliugeukia ukuta, na kiti cha mbele ya tangi kikabaki kitupu. Uji ulipoa kando yake, ukafanya ngozi juu, ukamwagwa.

"Baba Sidi, kula kidogo."

Katana alivuta shuka mpaka shingoni.

"Mwanao Sidi amepiga simu kutoka Malindi. Anauliza hali yako. Nimwambieje?"

Basi Jumapili moja baada ya ibada, Mwikali akapata wazo, na aliliona kuwa wazo jema. Yeye kazi yake ilikuwa kufanya vitu viwe vyeupe. Aliyajua madoa ya divai, ya damu, ya mafuta ya kujipaka jua, na hakuna lililomshinda. Ile mifupa ilikuwa imeanza kushika ukungu wa kahawia. Angeiloweka kwenye jiki, aisugue kwa mswaki, iwe nyeupe kama theluji ya kwenye kalenda, kisha aiweke dirishani karibu na kitanda. Katana awe na kitu cha kuangalia badala ya ukuta. Hata kaburi mtu hulipaka chokaa.

Aliitoa kwa upawa, akaiweka kwenye karai barazani, mbele ya mlango uliokuwa wazi. Akafungua chupa ya jiki. Harufu kali ikapanda.

Nyuma yake kitu kilianguka kwa kishindo. Kikombe kilibingirika sakafuni. Aligeuka akamwona Katana hayuko kitandani. Alikuwa chini, kwenye goti moja, ameukamata mguu wa kigoda kwa mkono wa kushoto, anaukokota mwili wake kuelekea mlangoni kama mtu anayevuta gunia.

"Wa... wacha."

"Baba Sidi! Utaumia!"

"Wacha, Mama Sidi." Alivuta pumzi. "Bado... imo."

Mwikali alisimama na chupa mkononi. Tangu kiharusi cha mwezi wa pili hakuwa amemsikia akiunga maneno matatu. Hakuelewa kilichokuwa bado kimo. Lakini aliifunga chupa, akairudisha mifupa kwenye maji yake, ndipo akamwinua mumewe. Kisha akampigia simu Jalila.

Jalila alikuwa binti wa Jomvu Kuu aliyejifunza kuotesha matumbawe chini ya Katana kule Shanzu, na sasa alikuwa na matangi yake mwenyewe nyumbani kwa baba yake. Alifika alasiri hiyo hiyo, mtandio wa buibui umerushwa begani, miwani ya kukuzia imening'inia shingoni.

"Shikamoo mama. Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu."

Katana aliinua vidole viwili kutoka kwenye kiti.

Jalila alipandisha mikono ya buibui, akaishika mifupa ndani ya maji bila kuitoa, akaimulika kwa tochi. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, pua yake karibu iguse kioo.

"Mama, njoo uangalie. Waona hapa, katikati ya mistari? Kitu chembamba kama ngozi ya maziwa yaliyopoa?"

"Naona uchafu."

"Wallahi si uchafu. Ni nyama." Akanyanyuka. "Sahani hazifi kama tufavyo sisi. Mwili waondoka wote, wewe wasema yamekwisha, kumbe mmebaki chembe ndani ya mifupa. Chembe hiyo ikipata maji masafi na utulivu, yazaa. Mama aliyekufa aota watoto mgongoni. Fundi ndiye alonifundisha. Hakukwambia?"

Mwikali alizikumbuka zile jioni na zile "ehee" zake. "Labda aliniambia," alisema. "Itachukua muda gani?"

"Miezi. Na huenda isizae."

"Miezi," Mwikali alirudia, kisha akakaa kwenye mtungi, maana kiti kimoja kilikuwa na mumewe na kingine kilikuwa na nguo za kukunja. "Jalila, mwanangu, nikuambie ukweli mbele yake, nisimsengenye. Mimi nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka. Lichukue tangi. Lichukue leo."

Jalila alimtazama Katana, Katana alitazama sakafu.

"Leo siwezi, mama. Tukiitikisa sasa twaiua kweli. Nipe mpaka Novemba. Izae, isizae, nitakuja na ndoo zangu nilichukue lote, upumzike. Nakuonea imani, wallahi."

"Novemba," Mwikali alisema. "Hayo ni maafikiano."

Katana alisikia.

Basi wakangoja. Kungoja ni kazi isiyo na mshahara. Mifupa iliwekwa kwenye kivuli cha jiwe, mahali maji yanapopita taratibu. Mwikali aliendelea kubeba mtungi. Dancun aliendelea na mzaha wake, na siku moja akauliza, "Mathe, yule mgonjwa wa majini anaendeleaje?" Mwikali hakujua anamuuliza Katana au Sahani, akajibu tu, "Yupo."

Na Katana alikuwepo. Alirudi kwenye kiti chake jioni. Alikula nusu ya alichopewa. Lakini mguu hakuuinua, wala mpira hakuutafuta. Alikaa akiikodolea macho mifupa kama mtu aliye kituoni na hajui kama gari la mwisho limepita.

Mwezi Agosti stima ilipotea Mtopanga nzima, kuanzia mchana. Pampu ikanyamaza. Maji yasiyotembea hukosa hewa, na samaki walikuwa wameshapanda juu wakihema. Mwikali alikuwa ametoka kazini muda huo huo. Alichukua upawa, akaanza kuyakoroga maji, akiyachota na kuyamimina kutoka juu yapige mapovu. Alichota akamimina. Bega liliwaka moto. Aliomba, lakini sala ilikuwa imemwishia maneno, akawa anasema tu "Baba, Baba" kila anapomimina.

Mlango ulifunguka. Wanjiru aliingia, hakupiga hodi. Hakuwa amekanyaga humo tangu siku ya mafuta. Alimwangalia Mwikali, akaliangalia tangi, akavua saa yake mkononi.

"Lete hiyo upawa."

Mwikali alimpa. Wanjiru alikoroga kwa nguvu za mwanamke aliyezoea kupepeta mahindi. Baadaye akasema, bila kuinua macho, "Nilifunga kula kwa ajili yenu. Na kweli niliona, Mama Sidi. Niliona maji yamemshika huyu baba."

"Uliona sawa," Mwikali alisema. "Ndiyo yaliyomshika asiende."

Upawa ulipanda, ukashuka. "Basi nilikata kamba," alisema mwishowe, na pua yake ikaanza kutoka kamasi kwa kulia, naye hakuwa na mkono wa kujifutia. Mwikali alimfuta kwa ncha ya leso yake. Walipokezana mpaka stima iliporudi. Katika kiti chake, Katana aliwaangalia wote wawili, na aliona, labda kwa mara ya kwanza, jinsi mke wake alivyoushusha mkono mmoja kwa kuushika na mwingine.

Tangu hapo Wanjiru alikuwa akipita mara kwa mara. "Chupa nimeiacha nyumbani," alisema kila alipofika mlangoni, kabla ya salamu.

Jumapili, tarehe 16 Novemba, Jalila alikuja na ndoo zake. Zilikuwa nyeupe, zenye vifuniko, zimepangwa moja ndani ya nyingine. Wanjiru alikuwepo, ameleta chapati. Mwikali alikuwa amekwisha kupasafisha mahali ambapo pangebaki patupu, na moyoni alikuwa amepanga kuweka hapo kochi dogo. Alishaliona. Alishajiona amelikalia.

Jalila aliinama na tochi yake ili ajue namna ya kuibeba mifupa. Akavaa miwani.

"Subhanallah."

"Nini tena?" Wanjiru aliuliza, chapati mkononi.

"Njooni. Polepole, msigonge meza."

Walisogea. Juu ya ile mifupa ya kahawia palikuwa na vitu vidogo vya mviringo, kama vifungo vya shati la mtoto, kila kimoja juu ya kishina chake kifupi. Vilikuwa vya kijani, na pembezoni mwake vilikuwa na wekundu. Katikati ya kila kimoja palikuwa na mpasuko mdogo, mdomo. Vilikuwa vingi. Kimoja kilikuwa kimejaa maji na kutuna, andazi la kumlisha sisimizi.

Wanjiru alifunika mdomo. Midomo yake ilicheza, lakini safari hii aliomba kimya.

"Fundi," Jalila alisema, "wewe ulikuwa umeviona."

Katana alitikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?" Mwikali aliuliza. "Mbona hukusema?"

Katana alizitazama zile ndoo nyeupe, na Mwikali akaelewa. Alikuwa ameviona, akajua kwamba vikijulikana vina nguvu ya kusafiri, ndoo zitakuja mapema.

Jalila naye alielewa, lakini ahadi ni ahadi. Alisema kwa upole, "Sasa vyaweza kubebeka, mama. Kwangu vitakua, vikikomaa vitaachia shina vyenyewe na kulala mchangani. Fundi atakuja kuvitazama atakapo. Wewe upumzike, kama tulivyoafikiana."

Pampu ilivuma. Mwikali alikiangalia kile kifungo kilichotuna. Kilikuwa kizuri, hakuna ubishi. Naye bado alikuwa amechoka. Vyote viwili vilikuwa kweli, na kimoja hakikukiondoa kingine.

"Chukua, mwanangu," alisema.

"Mama Sidi," Katana aliita.

"Abee."

"Ni... bakishie."

Mwikali alimgeukia. Hakupandisha sauti, hakuwa na nguvu ya kuipandisha. "Nikubakishie atunze nani, Baba Sidi? Mimi? Maji mimi, vioo mimi, stima ikipotea mimi, wewe mwenyewe kukuinua mimi. Miezi yote hii hujaniuliza hata siku moja mtungi una uzito gani. Ukikasirika unageukia ukuta. Mimi ukuta wangu uko wapi?"

Wanjiru na Jalila walitazama chini kama watoto waliokutwa mahali pasipo pao.

"Mimi," Katana alisema.

"Wewe nini?"

"Nita... tunza. Mimi."

"Wewe! Mguu wenyewe daktari anaubembeleza, hutaki."

"Heri angebembeleza mbuzi," Wanjiru alinong'ona, kisha akajutia. Lakini Katana alicheka. Ulikuwa mcheko wa upande mmoja wa mdomo, nao ulitoka.

Mwikali alivuta pumzi. "Siku ya harusi yetu Kaloleni uliahidi watu wakisikia, na ile ahadi hukuivunja. Maneno ya kusemezana chumbani siyaamini tena, mume wangu. Ukitaka libaki, simama. Useme kwa sauti, mashahidi ni hawa wawili. Ukishindwa, Jalila anajaza ndoo zake."

Jalila alinyoosha mkono kumsaidia. Katana aliusukuma kando. Aliushika ukingo wa meza ya chuma kwa mkono wa kushoto. Alijaribu, akarudi kitini. Akajaribu tena. Wanjiru alifumba macho, mikono yake imekunjwa kifuani. Mguu wa kulia ulikwaruza sakafu, ukatafuta mahali, ukapapata. Alisimama. Aliyumba, jasho likamshuka, lakini alisimama, kichwa chake sawa na maji, na vile vifungo vya kijani vilikuwa karibu na kifua chake upande wa pili wa kioo.

"Mimi, Katana," alianza, na hakuna aliyemharakisha. "Naahidi. Mbele ya Mulungu. Mbele ya Wanjiru... na Jalila. Mguu nitauinua. Kila asubuhi. Bila kusukumwa. Samaki nitawalisha mimi. Nikikasirika... nitakwambia. Sitageukia ukuta." Alimeza mate, akautazama ule mtungi uliosimama mlangoni. "Mtungi... bado siuwezi. Nitabeba kikombe. Kikombe, kikombe, mpaka mtungi uishe. Na wewe, Mama Sidi, utakaa upumzike."